Sufuria Inayokataa Unga

Tuseme duka limekuuzia sufuria kwa bei ya chee, likitegemea utarudi kununua unga kwake. Hakuna ubaya hapo, biashara ndivyo ilivyo. Ila siku umeleta unga wa duka la jirani, sufuria inagoma kuchemka. Je, hiyo sufuria ni yako?

Kisa cha namna hii kilitokea Marekani mwaka 2014, kwa upande wa kahawa. Kampuni ya Keurig ilikuwa imetajirika kwa mashine ya kikombe kimoja: unatumbukiza kikopo kidogo cha plastiki chenye kahawa ya mtu mmoja, unabonyeza, unakunywa, kikopo unatupa. Faida ilikuwa kwenye vikopo, kama ilivyo kwa printa na wino wake. Hataza kuu za vikopo hivyo zilipokwisha mwaka 2012, wengine wakaanza kuuza vya bei nafuu. Keurig ikajibu kwa mashine mpya, Keurig 2.0, yenye kijicho cha kusoma wino maalumu kwenye kifuniko. Kikopo hakina alama? Hunywi.

Kampuni ilijitetea kwamba mashine ikikitambua kikopo, inajua namna ya kukipika. Sawa. Lakini kutambua ni jambo moja, kukataa ni jingine kabisa. Pampu ni nzima, maji yapo, kahawa ipo; kilichokosekana ni ruhusa tu. Yaani watu wamelipwa mshahara ili kifaa kifanye pungufu ya uwezo wake, halafu mnunuzi ndiye alipie!

Nitaambiwa: si alinunua kwa hiari? Alinunua mashine, ndiyo. Hakuiahidi Keurig kwamba atakunywa kahawa yake maisha yake yote, na bei ya rahisi haiwezi kugeuzwa kuwa ahadi ambayo hakuitamka.

Ndiyo maana siwaoni kama wadanganyifu wale waliokata kifuniko halali na kukibandika kwa selotepu mbele ya kijicho, mashine ikapokea kila kitu. Ukiihadaa mashine yako mwenyewe, jikoni kwako, umemwibia nani?

Mwaka 2015 mkuu wa kampuni, Brian Kelley, alikiri kwamba walikosea kuondoa kichujio ambacho mtu alijazia kahawa yake mwenyewe. Kichujio kikarudi. Kijicho hawakukiondoa wakati huo.