Martha wa Tunduma



Kijana mwenzangu, ukikaa Tunduma unajua: mji haulali. Malori yamepanga foleni kuelekea Nakonde, wabadilisha fedha wako barabarani, bodaboda zinapita huku na huku. Ukizubaa kidogo, mteja kachukuliwa na mwingine. Sasa mtu akikwambia "tafuta muda wa kutafakari", unaona kama hajui maisha.

Mimi nilijitetea hivyo hivyo. Tena nikaongeza: si natumika kanisani? Siku moja kigangoni tulikuwa na kesha la kuabudu Ekaristi Takatifu. Nikahangaika na spika, viti, chai ya wageni. Alfajiri nikagundua sijapiga goti hata dakika tano. Nimekesha na Yesu nyumba moja, hatujaongea!

Huyo ndiye Martha wa Luka 10:38-42. Angalia vizuri: Yesu hakumlaumu kwa kuhudumia. Aliona moyo wake umetawanyika. Mgeni yuko sebuleni, mwenyeji hayupo.

Jirani zetu mkoani Rukwa, kwenye abasia ya Mvimwa, Wabenediktini wanaishi kwa sala na kazi. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, inaagiza kengele ya sala ikilia, mmonaki aache alichoshika, aende. Na aliye kazini mbali, asiyeweza kufika? Sura ya 50 inasema apige magoti pale pale alipo. Hata aliye safarini asiiache saa yake ipite.

Umeona? Hakuna aliyekatazwa jembe, wala hakuna aliyeruhusiwa kulisingizia.

Na usiseme sala ni kupoteza muda. Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu alifariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24, ndani ya monasteri ya Wakarmeli, Lisieux. Hakuwahi kutumwa misioni. Lakini mwaka 1927 Kanisa lilimtangaza msimamizi wa misioni.

Basi wiki hii, saa sita mchana, popote ulipo, zima pikipiki, weka simu chini, sali Malaika wa Bwana. Dakika mbili tu. Labda mteja ataondoka. Hapo ndipo utajua unamtumikia nani.

Tuombe: Bwana Yesu, Martha ulimwita jina mara mbili. Nami niite katika kelele za mpakani, nikae nawe kwanza, ndipo niinuke kufanya kazi. Amina.