Mama Mwache Aende

Neno la wiki: Kumbukumbu la Torati 22:6-7



Katikati ya sheria nzito za vita, ndoa na hukumu, Kumbukumbu la Torati linasimama kwenye kiota. Mtu yuko njiani, anamkuta ndege amelalia mayai au amefunika makinda, juu ya mti au chini. Anaambiwa kwamba makinda anaweza kuyachukua, lakini mama asimchukue, amwache aende. Kisha inafuata ahadi ya heri na siku nyingi, ahadi ileile tunayoisikia katika amri ya kuwaheshimu baba na mama. Naamini hilo halikutokea kwa bahati. Sheria ndogo ya kiota imepewa uzito wa amri kubwa.

Tena Mungu hakukataza kuchukua. Msafiri ana njaa na Mungu anaijua njaa yake. Anachokilinda ni chanzo, ili mwaka ujao msafiri mwingine akipita akute kiota kingine.

Nimeichagua sheria hii kwa ajili ya nyumba zetu ambazo nguzo za umeme hazijazifikia, na huenda zisizifikie karibuni. Katika nyumba hizo taa ni ya sola, simu inachajiwa kwa sola, maji ya mvua yanakingwa kutoka kwenye bati hadi kwenye tangi. Koroboi imeondoka, na watoto wanasoma usiku bila kuvuta moshi. Tumshukuru Mungu kwa hilo. Lakini paneli ndogo ya juu ya bati haiivishi maharage. Sufuria bado iko kwenye mafiga, na kuni zinatoka msituni, kama zinavyotoka huko fito za kujengea, dawa, uyoga wa masika na asali. Anayeishi hivi anaona kwa macho yake kila anachokichukua. Chemchemi ikipungua, yeye ndiye anayeongeza mwendo na ndoo kichwani. Ndugu yake wa mjini ananunua gunia la mkaa kando ya barabara na hajawahi kukiona kisiki lilikotoka. Kwa hiyo neno hili ni la wote wawili, na pengine ni zito zaidi kwa wa mjini.

Je, mtu anaweza kuchoma mkaa na bado akamwacha mama aende? Wengi wetu tungejibu haraka kwamba haiwezekani. Lakini wilayani Kilosa, kuanzia mwaka 2012, vijiji kadhaa, vikiwamo Ulaya Mbuyuni na Ihombwe, vilijaribu njia ambayo naiona kuwa ya kiota kabisa, vikisaidiwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania pamoja na MJUMITA, mtandao wa jamii zinazosimamia misitu. Sehemu ya msitu wa kijiji iligawanywa katika vitalu vya mraba vya mita 50 kwa 50. Kinavunwa kitalu kimoja, cha jirani kinaachwa, hata ukitazama kwenye ramani unaona kitu kama ubao wa drafti. Miti hukatwa juu kidogo ya ardhi na visiki having'olewi. Kandokando ya vyanzo vya maji na kwenye miteremko mikali hapaguswi. Kitalu kikishavunwa kinapumzishwa, na mpango unataka mzunguko wa miaka 24 kabla ya shoka kurudi pale. Ushuru wa mkaa unaingia katika mfuko wa kijiji, kwa kuwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakipa kijiji haki ya kumiliki na kusimamia msitu wake wa hifadhi. Fedha hizo zimejenga madarasa na kugharimia doria za msitu.

Siri ya yote hayo iko chini ya ardhi. Myombo au mtondoro ukikatwa vizuri haujafa. Mizizi yake bado inajua maji yaliko, ina akiba ya chakula, na mvua za kwanza zikinyesha inatoa machipukizi yenye nguvu kuliko mche wowote wa kupandwa. Ayubu aliliona jambo hili, akasema katika sura ya 14 kwamba mti uliokatwa una tumaini. Tumaini hilohilo lilionekana mwaka 1983, wakati mmisionari kutoka Australia, Tony Rinaudo, alipokuwa karibu kukata tamaa huko Maradi, nchini Niger. Miche aliyokuwa akiipanda ilikuwa ikifa. Siku moja alisimamisha gari, akatazama kijiti kando ya njia, akatambua kwamba ni mti uliokatwa unaojaribu kuota tena. Nchi yote ile aliyodhani ni tupu ilikuwa imejaa visiki hai. Wakulima wakaanza kuchagua machipukizi, kupogolea na kulinda, na leo zaidi ya hekta milioni 5 za Niger zimerudiwa na miti. Hapa kwetu Dodoma, LEAD Foundation ya Mpwapwa inafundisha kazi hiyohiyo kwa jina la Kisiki Hai. Mkulima anabakiza machipukizi machache yaliyo imara, anapogolea mengine, anafunga kitambaa kuonyesha kwamba mti huu una mwenyewe. Matawi aliyopogolea ni kuni zake.

Linaloniuma ni hili. Tunapenda sana kupanda miche siku za sikukuu, tunapiga picha, na kiangazi kinapoingia hakuna anayeimwagilia. Wakati huohuo, nyuma ya kanisa, kila mwaka tunafyeka machipukizi ya visiki vilivyokuwapo kabla ya usharika, na tunaita kazi hiyo usafi wa uwanja. Kuna moto wa kusafishia mashamba unaoachwa uingie msituni na kuunguza machipukizi ya mwaka mzima. Kuna anayeng'oa kisiki chenyewe ili tanuri lake lijae. Huyo amemchukua mama pamoja na makinda, na Maandiko hayamwahidi heri.

Nawaomba wazee wa kanisa, kabla ya msimu wa kufyeka, mwende pamoja na vijana mkakizungukie kiwanja cha usharika, mvichague visiki vyenye uhai na kuvifunga vitambaa, na mbuzi wazuiwe wasifike. Kina mama wanaopikia makambi na misiba wajengewe jiko banifu la kudumu, maana mafiga ya wazi yanameza kuni nyingi na kuwaumiza macho. Na mkutano mkuu wa kijiji ukiitishwa kujadili msitu, tafadhalini msibaki nyumbani. Nendeni, kaeni mbele, mwulize vitalu vingapi vimevunwa na fedha zimekwenda wapi.