Mgonjwa wa Akili ni wa Nani?

Mtu akivunjika mguu, majirani huja na maji, kuni na maneno ya pole. Mtu akirukwa na akili, majirani hao hao hupita mbali na mlango wake. Tofauti hii haikuletwa na maumivu, kwa kuwa maumivu ya pili hayapungui ya kwanza. Imeletwa na hofu, na lugha yenyewe imehifadhi alama za hofu hiyo. Neno wazimu lina udugu na neno mzimu, kama kwamba mgonjwa ameingiliwa na kitu kilichotoka kaburini. Lakini lugha hiyo hiyo husema pia kwamba mtu amerukwa na akili. Katika msemo huu akili ndiyo iliyoondoka, mtu amebaki. Hapo ndipo lizaliwapo swali la maadili: yule aliyebaki baada ya akili yake kuruka ni wa nani? Ni wa nyumba yake, ni wa kijiji chake, au ni wa serikali yake?

Swali hili lina uzito wa pekee mahali kama Mang'ola, katika wilaya ya Karatu, kando ya Ziwa Eyasi. Ziwa hilo ni la magadi, na wakati wa ukame hupungua likaacha uwanja mweupe usioota kitu. Lakini chemchemi za Mang'ola hutoa maji matamu, na maji hayo huongozwa kwa mifereji mpaka kwenye mashamba ya vitunguu. Wahadzabe, wawindaji na warina asali, walikuwako kabla ya mashamba hayo. Wadatoga wana mifugo yao, na baadhi yao ni wahunzi. Wairaqw hulima na kufuga. Waisanzu wamo pia, na kwa ajili ya vitunguu wamekuja watu wa makabila mengi zaidi, wengine wakiwa na mashamba, wengine wakiwa vibarua wa msimu. Katika vijiji vya namna hii mtu aweza kuwa na majirani wa lugha nne, wala asiwe na shangazi hata mmoja wa kumbishia hodi usiku.

Ufikiriwe mfano wa mama mjane katika kijiji hicho. Mwanawe, kijana wa miaka ishirini, ameanza kusikia sauti ambazo hapana mwingine azisikiaye. Halali. Huondoka usiku akaelekea ziwani, na asubuhi hurudishwa na wachungaji. Wakati huo ni wa kupandikiza miche ya vitunguu, kazi ifanywayo kwa mikono na kwa kuinama tangu alfajiri. Mama asipokwenda shambani, jioni jungu halipandi jikoni. Akienda, kijana aweza kutumbukia mferejini, au kupigwa mnadani na watu wasiomjua. Basi mama huyu huchukua kamba, akamfunga mwanawe mguu kwenye nguzo ya nyumba, akamwekea maji na ugali karibu, akaenda zake kazini akilia. Je, mama huyu ni mkatili?

Majibu mawili huja upesi. Jibu la kwanza husema kwamba kumfunga binadamu kama mbuzi ni uovu, na mama huyu ashitakiwe. Jibu la pili husema kwamba mambo ya nyumba ni ya mwenye nyumba, wala watu wengine hayawahusu. Majibu haya yaonekana kupingana, lakini yana kosa moja. La kwanza huitazama kamba lisilitazame shamba. La pili huutazama mlango lisimtazame aliye ndani. Yote mawili humwacha mama peke yake, moja kwa lawama na moja kwa kimya. Wahenga waliijua tabia hii, wakasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Atazamaye kwa mbali huona usufi; achukuaye huona jiwe.

Hata hivyo kamba haiwi halali kwa sababu ya umaskini wa mfungaji. Kijana yule ana mguu uumwao na kamba, ana aibu, ana haki. Wema wa nia ya mama hauuondoi ubaya wa tendo. Huonyesha tu kwamba ubaya huo una wenyewe wengi kuliko mmoja. Kila jirani aliyejua, naye akapita, ameshika ncha ya kamba ile. Hukumu iliyo ya haki haimtoi mama katika hatia kwa kusema hapana kosa. Huligawa kosa, kisha huugawa mzigo.

Wako wasemao kwamba ukoo watosha. Hoja yao si ya kudharauliwa. Mzazi humjua mwanawe kabla ya ugonjwa; hujua alichokipenda, alichokiogopa, na jina la utani alilocheka akiitwa. Hapana daktari awezaye kuyapata maarifa hayo kwa kusoma. Tena Kiswahili hufundisha neno la maana hapa: kuugua na kuuguza ni shina moja. Amwuguzaye mtu naye ameguswa na ugonjwa. Usingizi wake hupungua, kazi yake hulegea, marafiki zake huhesabika. Lakini kwa sababu hiyo hiyo ukoo peke yake hautoshi. Wajibu unaopita uwezo hugeuka kuwa adhabu, na mtu anayeadhibiwa bila kosa hatimaye humchukia aliye sababu ya adhabu yake. Nyumba nyingi hazikupungukiwa na upendo hapo mwanzo. Upendo ulichoka kwa kutopata wa kuupokea zamu.

Wako wengine wasemao kwamba mgonjwa ni wa serikali, naye apelekwe mahali pake. Historia ya Tanzania yaonyesha faida na upungufu wa njia hii. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, Wajerumani walianzisha mwaka wa 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 makao hayo yakawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Katika miaka ya 1920, chini ya Waingereza, ilijengwa Hospitali ya Mirembe huko Dodoma. Nyumba hizi zimewatunza watu waliokuwa hawana pa kulala. Lakini kutoka Mang'ola hadi Dodoma ni safari ya kuvuka mikoa, na nauli ya mgonjwa na msindikizaji wake ni fedha za magunia ya vitunguu. Apelekwaye mbali hupata dawa akapotewa na watu. Akipona, hurudi mahali ambapo pengo lake limekwisha kuzibwa, kitanda chake kina mwingine, na jina lake limekuwa onyo la kuwatishia watoto.

Kati ya njia hizi mbili ipo ya tatu, nayo imekwisha kujaribiwa na watu, si ndoto ya mwandishi wa vitabu. Mwaka wa 1954 Thomas Adeoye Lambo alianza kazi huko Aro, karibu na Abeokuta katika Nigeria. Wagonjwa waliwekwa katika vijiji vya wakulima, kila mmoja na jamaa yake, wakatibiwa hospitalini mchana na kulala kijijini usiku. Huko Mahenge, kiasi cha mwaka wa 1960, daktari mmoja mwanamke, Louise Jilek-Aall, aliwakuta wagonjwa wa kifafa wakila peke yao kwa kuwa mate yao yaliogopwa, na wengine wana makovu ya moto kwa kuwa aangukaye motoni hakushikwa na mtu. Alifungua kliniki, akagawa dawa isiyo ya gharama kubwa. Dawa ilipopunguza maanguko, mikono iliyokuwa ikiogopa ilianza kugusa. Katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Shirika la Afya Ulimwenguni na wa Denmark, wahudumu wa zahanati za Morogoro na Kilimanjaro walifundishwa kuyatambua magonjwa ya akili na kuyatibu karibu na nyumbani. Na huko Harare, tangu mwaka wa 2006, mabibi wa mtaani waliofundishwa huketi na wenye majonzi juu ya benchi nje ya zahanati. Uchunguzi uliotangazwa mwaka wa 2016 ulionyesha kwamba walioketi nao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida tu.

Mang'ola haihitaji kuazima kila kitu kutoka mbali. Hospitali ya Haydom katika Mbulu, iliyofunguliwa mwaka wa 1955, ina huduma ya magonjwa ya akili na kifafa. Na kabla ya hospitali kuwako, watu wa nchi hii walikuwa na mafunzo yao. Kwa vizazi vingi Wairaqw wamewaendea waganga wa Kidatoga, ijapokuwa makabila haya mawili yalipata kupigana. Ugonjwa uliwafanya watu wavuke mpaka ambao vita viliuchora. Miongoni mwa Wabarbaig, walio tawi la Wadatoga, wanawake walikuwa na baraza lao lililoweza kumhukumu mume aliyemkosea mwanamke na kumtoza ng'ombe. Maana ya desturi hiyo ni kubwa: nyumba si ngome, na majirani wana haki ya kuingia mahali ambapo mnyonge huonewa. Wairaqw nao walikuwa na metimani, desturi ya kumweka mtu kando baada ya kufiwa au kupatwa na jambo kama hilo, ili mkosi usiwaenee wengine. Desturi hiyo ilikuwa nzito kwa aliyetengwa. Lakini ilikuwa na muda, na muda ulipokwisha mtu alirudi kwa watu. Kamba ya nguzoni haina siku ya kufunguliwa. Hapo ndipo ukatili wake ulipo.

Mtihani mkubwa, hata hivyo, si mwana wa mjane. Ni kibarua. Kijana ametoka mkoa wa mbali kuvuna vitunguu; analala kambini na wenzake asiowajua kwa ukoo; katikati ya msimu akili inamruka. Hapana mama wa kumfunga wala wa kumfungua. Ikiwa mgonjwa wa akili ni wa ukoo tu, kijana huyu si wa mtu. Ikiwa ni wa serikali tu, atakuwa wa mtu siku ile atakapovunja kitu na kupelekwa polisi. Akili ya mtu hukataa majibu haya yote. Kijana aliyeinama katika shamba la mwingine, akamwaga jasho lake juu ya udongo wa Mang'ola, amekwisha kuwa wa Mang'ola. Udugu wa damu huzaliwa nao mtu bila kuuchagua. Ujirani hupatikana kwa kukaa pamoja na kufanya kazi pamoja, nao una deni lake.

Jinsi ya kulilipa deni hilo watu wa Mang'ola wanaijua, kwa kuwa wanagawana maji. Mfereji hauwezi kuwa wa mtu mmoja. Ukijaa tope, wote hutoka na majembe; maji yakipungua, kila shamba hupewa zamu yake. Ajaribuye kuyachukua yote hukemewa, na aachwaye pakavu husikilizwa. Hapana asemaye kwamba maji ni mambo ya mwenye shamba. Basi zamu iwezayo kugawa maji yaweza pia kugawa uchovu. Jirani mmoja akae na kijana siku moja ili mama apandikize. Mwingine amsindikize zahanati siku ya dawa. Mwenye shamba asimfukuze kibarua wake kabla hajaulizia kwao. Mzee asimamie kwamba watoto hawamrushii mawe. Na zahanati ikose dawa kwa nadra kama mfereji ukosavyo maji, maana wema wa majirani bila dawa huwaomba watu wazuie mafuriko kwa viganja.

Lakini zamu ya watu si sawa na zamu ya maji katika jambo moja. Maji hayana hiari, mgonjwa anayo. Jamii yaweza kuwa kamba nyingine. Yaweza kusengenya yaliyosemwa kwa siri, kumtafuta mchawi mahali palipo ugonjwa, au kumlazimisha mtu apone kwa namna ipendezayo wengine. Kwa hiyo wa kwanza wa kuulizwa awe mgonjwa mwenyewe, kila apatapo saa ya utulivu: alale wapi, nani amsindikize, nani aambiwe habari zake. Msaada usiouliza hufanana na kamba laini. Asiyeulizwa hata moja ya mambo yake amekwisha kuhesabiwa kuwa kitu, ijapokuwa analishwa vizuri.

Mgonjwa wa akili, basi, ni wa nani? Kwanza ni wake mwenyewe, kwa kuwa akili ikiruka utu haufuati. Kisha ni wa wale wampendao, lakini si wao peke yao. Kisha ni wa majirani, wawe wa damu moja naye au wasiwe. Serikali ina sehemu yake pia, nayo ni kuhakikisha kwamba hapana mmoja wa hao ambaye mzigo unampita kimo. Mama yule wa mfano hakuhitaji kuambiwa kwamba kamba ni mbaya. Alilijua hilo kila asubuhi alipoifunga. Alihitaji mtu wa kubisha hodi kabla hajaichukua, aseme: leo nenda shambani, nitakaa naye mimi.