Jina Halina Mkono

Msiba ukirudia ukoo mmoja, watu hutafuta cha kulaumu, na jina huonekana mapema kwa kuwa halijifichi. Ukiwataja wafalme wa Uingereza walioitwa Edward mmoja baada ya mwingine, ni rahisi kuamini kwamba jina hilo lilibeba nuksi.

Mmoja wao alirithi kiti mwaka 975 akiwa bado kijana. Tarehe 18 Machi 978 aliuawa huko Corfe, alikokwenda kumjulia hali mama wa kambo na mdogo wake wa baba mmoja, Æthelred. Mdogo akatawazwa, wauaji hawakuadhibiwa. Marehemu akahesabiwa mtakatifu. Heshima ile ilikuja wakati haimpunguzii mtu yeyote kitu. Maiti hagombei kiti, ndiyo maana husifiwa hata na waliomwogopa.

Æthelred naye akamzaa Edward. Huyu alikulia uhamishoni Normandy, akatawala tangu 1042, akafariki Januari 1066 bila mtoto, na kabla mwaka haujaisha nchi ilikuwa imepigwa vita Hastings na kuchukuliwa na wageni. Mwaka 1161 alitangazwa mtakatifu. Henry wa Tatu alimtukuza hata akampa mwanawe jina lake, mwaka 1239. Mjukuu wa Henry, Edward wa Pili, aliondolewa madarakani Januari 1327 na mkewe Isabella pamoja na Roger Mortimer, akafia kifungoni Berkeley mwaka huohuo. Mwaka 1483 Edward wa Tano, mtoto wa miaka 12, aliwekwa pamoja na mdogo wake katika Mnara wa London. Mlinzi wake alikuwa baba yake mdogo, Richard. Richard akawa mfalme, na watoto wale hawakuonekana tena.

Hapo ndipo pa kutulia na kufikiri. Edward wa Kwanza, yule mwana wa Henry wa Tatu, alifariki mwaka 1307 akiwa na miaka 68, bado mfalme, wala hatajwi katika hesabu hii ya huzuni. Kumbukumbu ya watu huokota damu na kuyaacha maradhi ya uzee. Kisha wapo wale wavulana wawili, wa 978 na wa 1483: kila mmoja alikuwa mikononi mwa jamaa ambao kutoweka kwake kuliwafungulia njia. Kiti kikubwa kuliko mwenye kukikalia huwaita wenye nguvu, hata angeitwa nani. Anayelitia jina hatiani humwachia mlinzi aende zake. Naliona hilo ni dhuluma ya pili kwa mtoto.

Edward wa Tatu alitawazwa mwaka 1327, akiwa na miaka 14. Baba yake, Edward wa Pili, alikuwa kifungoni, na madaraka yalikuwa kwa mama na Mortimer. Jina lilikuwa lilelile, na hatari ilikuwa ileile. Lakini alikuwa na marafiki wachache waliokubali kuhatarisha shingo zao. Oktoba 1330, wakiongozwa na William Montagu, waliingia usiku katika ngome ya Nottingham kwa njia ya siri, wakamkamata Mortimer, naye akanyongwa mwezi uliofuata. Mfalme alikuwa na miaka 17. Alitawala hadi 1377.