Zawadi Haifuti Deni

Yako maneno mazuri ambayo, yakitumiwa kwa kila jambo, mwisho hufunika maneno mengine yaliyo mazuri vilevile. Neno moja la namna hiyo ni "kujitolea". Siku hizi twalisikia kila mahali. Barabara imekatika: vijana wajitolee. Shule haina mwalimu: kijana aliyemaliza masomo ajitolee. Wagonjwa ni wengi na waganga ni wachache: akina mama wajitolee. Adui amekaribia: wenye nguvu wajitolee. Na Mkristu atakataaje, hali amefundishwa tangu utoto kumpenda jirani yake?

Hata hivyo swali lipo, nalo yafaa tulitazame bila haraka. Je, ni haki kazi iliyo deni la serikali kwa raia ifanywe siku zote na raia wenyewe, bila malipo, kwa jina la mapendo? Jibu langu nalisema tangu mwanzo: kujitolea ni jambo tukufu, lakini hakufuti deni la mtu mwingine. Tukikutumia kufuta deni hilo, twaharibu vitu viwili pamoja, haki na mapendo yenyewe.

Kwanza tusidhani kwamba watu wa kwetu wangojea kufundishwa kujitolea. Hapa Kalembe, mpakani mwa Masisi na Walikale, katika barabara itokayo Mweso kwenda Pinga, mgonjwa asiyeweza kutembea hubebwa kwa kipoyi, wanaume wakipokezana mabegani kupanda na kushuka milima. Vita vinapofukuza watu, wenyeji huwafungulia wakimbizi milango, wakagawana nao chumba na chungu cha muhogo. Wanawake wana likirimba yao. Shamba la mjane hulimwa na majirani. Hakuna karani aliyeandika amri ya mambo hayo. Kidole kimoja hakivunji chawa, na watu wetu walijua hivyo kabla ya serikali yo yote kufika.

Lakini wazee wetu wajua jambo la pili pia: kwamba jina zuri la kazi ya wote laweza kufanywa fimbo. Mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji iliweka sheria ya kulimisha watu kwa lazima, hata siku 60 kwa mwaka. Wakati wa vita vya dunia, mwaka 1942, siku hizo zikaongezwa hata 120. Waliambiwa kwamba ni kazi ya kuwaelimisha. Katika miaka ya 1970 Mobutu alileta Salongo, kazi ya pamoja ya kila juma, kufagia, kufyeka na kutengeneza barabara. Jina lilikuwa la furaha, lakini kazi ilikuwa ya lazima. Watu walipoona kwamba wao wafyeka barabara na wakubwa watumia fedha za barabara, mioyo yao ilipoa. Ndiyo maana hata leo mtu akiitwa Salongo huuliza kwanza, "Ni kwa faida ya nani?" Swali hilo si la mvivu. Ni swali la mtu aliyekwisha kudanganywa.

Sasa tutenganishe mambo, kama tulivyofundishwa seminarini. Mtakatifu Tomasi wa Akwino afundisha kwamba haki ni kumpa kila mtu kilicho chake. Mapendo hupita hapo: ni kumpa mwingine kilicho changu. Nikikulipa mshahara wako sikukupa zawadi. Nimekurudishia kilicho chako. Nikikuletea chakula siku ya msiba nimekupa zawadi, kwa kuwa ningeweza kukaa kwangu wala usinidai. Basi zawadi ina alama mbili: mtoaji yu huru, na anachotoa ni chake. Ikiwa halazimishwi kwa amri lakini alazimishwa kwa haya, uhuru wake umekwisha kupungua. Na ikiwa mkubwa ajisifia zawadi iliyotoka mkononi mwa maskini, atoa kisicho chake.

Serikali yadaiwa nini? Inatoza kodi sokoni, mpakani na madini yanapopita. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 43, yasema kwamba masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure. Neno "bure" hapo lina maana moja tu: mzazi asilipe. Halina maana kwamba mwalimu asilipwe. Lakini tutazame yaliyotokea. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mishahara ya walimu ilipogeuka kuwa kitu bure na migomo ikafunga shule, wazazi na Eklezia walipatana kwamba wazazi wamwongezee mwalimu kitu ili shule isife. Lilikuwa tendo jema la siku ya hatari. Lakini siku ile ya hatari ilidumu miaka zaidi ya ishirini na mitano! Kilichokuwa msaada kikawa desturi, desturi ikawa kodi, na aliyedaiwa akasahau kwamba adaiwa. Mwaka 2019 serikali ilipotangaza tena masomo ya bure, madarasa yalijaa, na walimu wengi ambao hawakuandikwa katika orodha ya mishahara walijikuta wamenyang'anywa pesa za wazazi bila kupata zile za serikali. Mwalimu wa namna hiyo huambiwa ajitolee. Yeye hakujitolea. Ametolewa.

Katika mambo ya afya ni vivyo hivyo. Wale tunaowaita Reko hutembea nyumba kwa nyumba, wakipima mikono ya watoto kama wamekonda, wakiwakumbusha akina mama siku ya chanjo, wakipeleka habari kituo cha afya kipindupindu kinapozuka. Bila wao daktari hajui ugonjwa umeanzia wapi. Wengi wao ni wakulima, na siku wanayozunguka jembe lao limelala. Mwaka 2018 Shirika la Afya la Dunia lilitoa maongozi yake, likasema kwamba watu wa namna hii walipwe kadiri ya kazi yao. Nchini Kenya, mwaka 2023, serikali ilitangaza kuwatumia watu 100,000 wa kazi hiyo vijijini na kuwapa posho ya mwezi. Posho hiyo ni ndogo, shilingi 5,000. Lakini yule anayeipokea aweza kudai ikichelewa. Anayeambiwa ajitolee hana la kudai.

Jambo la tatu ni zito kupita yote, nami nalisema polepole. Mnamo Novemba 2022 Rais Félix Tshisekedi aliwaita vijana wajiunge katika vikundi vya kulinda nchi, na mwaka 2023 ikawekwa sheria ya jeshi la akiba. Wanaojitolea hivyo twawaita Wazalendo. Tarehe 20 Oktoba 2024 wapiganaji wa M23 waliingia Kalembe, na Wazalendo wakairudisha kwa mapigano. Kijana anayeacha shamba lake asimame kati ya mama yake na risasi, mimi siwezi kumdharau. Lakini nauliza: mtu mwenye bunduki, asiye na mshahara wala posho ya chakula, atakula wapi? Jibu tunalo katika methali: mbuzi hula pale alipofungwa. Ukimfunga njiani, atakula njiani.

Na hili si la kikundi kimoja. Mwaka 2017, kabla ya mambo haya ya sasa, shirika la utafiti la Ubelgiji liitwalo IPIS lilihesabu bariyeri 798 katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini. Nyingine zilishikwa na makundi ya silaha, nyingine na askari na watumishi wa serikali yenyewe. Alipaye pale ni nani? Ni mama mwenye kikapu cha muhogo kichwani, ni kijana wa pikipiki, ni mchimbaji. Basi ulinzi ulioitwa wa bure umelipwa, tena kwa bei kali, na yule asiye na kitu. Bure ghali! Tena serikali isiyomlipa askari haiwezi kumwuliza habari za matendo yake. Yule mama akinyang'anywa kikapu, atashtaki kwa nani? Ndiyo maana Katiba, kifungu cha 190, yakataza mtu ye yote kuunda jeshi la pembeni. Hekima ya sheria hiyo ni kwamba bunduki lazima iwe na mwenyewe, na mwenyewe huyo lazima ajibu.

Wengine watanipinga, nao wana hoja. Wa kwanza asema, "Tukingojea serikali, tutakufa. Tufanye wenyewe." Kweli, na tufanye. Mgonjwa hangojei bajeti. Lakini kufanya kazi ya mwingine wakati wa hatari si sawa na kumsamehe deni lake milele. Jirani akizima moto nyumbani kwako, je, mlinzi uliyempa mshahara amekwisha kutimiza kazi yake?

Wa pili asema, "Eklezia yenyewe yafundisha kwamba serikali isichukue kazi ambayo watu wadogo waweza kuifanya wenyewe." Ndiyo, Papa Pius XI aliandika hivyo mwaka 1931 katika barua yake Quadragesimo Anno. Lakini mafundisho hayo huitwa kwa neno la Kilatini lenye maana ya msaada: aliye mkubwa asimmeze mdogo, bali amsaidie. Hakusema mkubwa amtwike mdogo mzigo kisha aende zake. Tena katika barua ileile afundisha kwamba mapendo hayawezi kushika mahali pa haki iliyonyimwa. Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulionya vivyo hivyo tusimpe mtu kama sadaka kile anachodai kwa haki.

Wala tusifikiri kwamba jaribu hili ni la nchi maskini tu. Huko Uingereza, baada ya mwaka 2010, waziri mkuu David Cameron alisifu sana kazi za kujitolea wakati uleule serikali yake ilipopunguza fedha za wilaya; maktaba nyingi za umma zikaachwa mikononi mwa watu wa kujitolea. Mahali penye wastaafu wenye nafasi na mali, maktaba iliweza kuendelea. Mahali pa watu wanaohangaikia mkate, nani angekaa mlangoni? Hapo twaona kosa jingine: kujitolea hustawi palipo na nafasi na nguvu, hali shida huzidi pasipo navyo. Kodi huchukua kwa tajiri ikapeleka kwa maskini. Amri ya kujitolea humwambia maskini ajisaidie.

Tukumbuke sasa mfano wa Msamaria mwema, ambao tumeusikia mara nyingi hata hatuusikii tena. Msamaria alitoa mafuta yake, divai yake, mnyama wake na usiku wake mzima. Huko ndiko kujitolea. Lakini alipofika kwenye nyumba ya wageni, hakumwambia mwenye nyumba, "Na wewe jitolee." Alitoa dinari mbili, akaahidi kulipa salio akirudi. Mapendo yake hayakula jasho la mwingine. Yeye aliyetoa bure alijua kwamba mtu wa kazi hulipwa.

Tena mtu aweza kuuliza juu ya njia ile ya Yeriko: wanyang'anyi walipataje nafasi? Kufunga vidonda ni kazi ya mpita njia mwenye moyo. Kulinda njia ni kazi ya mtawala. Kama kila juma twaokota majeruhi pale pale, mapendo yenyewe yatatutuma tumwendee mtawala tumwulize juu ya njia yake.

Basi tufanye nini? Tusiache kujitolea, atakayeacha kubeba kipoyi kwa kuwa serikali haina gari la wagonjwa amemwadhibu mgonjwa. Lakini tupime kwa maswali matatu. Anayejitolea aweza kukataa bila kuogopa? Kazi hiyo ina mwisho, au imegeuka kuwa ya siku zote? Na ikiharibika, yuko wa kujibu? Jibu likiwa hapana, tusiiite zawadi. Ni kodi iliyovikwa kanzu ya mapendo.

Tena tuandike. Kamati ya barabara iandike siku ilizofanya kazi na madaraja iliyotengeneza; kamati ya wazazi iandike majina ya walimu wasiolipwa na miezi yao; hesabu hizo zipelekwe kwa chefu na kwa msimamizi wa wilaya, kwa heshima, bila matusi, kila mwaka. Deni lililoandikwa ni gumu kusahauliwa. Na sisi wa parokia tuanze kwetu. Katekista hutumikia kwa moyo, na kazi yake si deni la serikali. Lakini kama amekaa juma zima na wakatekumeni, wakristu wamsaidie kulima, watoto wake wasilale njaa kwa sababu ya Injili.

Tumpe jirani kilicho chetu, kwa furaha, wala tusihesabu. Lakini kilicho chake, ambacho mwingine amekishika, tusimfundishe kukisahau. Siku ile tutakapoulizwa, hatutaulizwa tu kama tulimbeba mgonjwa. Tutaulizwa pia kama tulinyamaza mbele ya yule aliyepaswa kutengeneza njia.