HOTUBA YA IJUMAA: MAFUTA YETU, MIOYO YETU NA DHANA MBAYA

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, nakuusieni pamoja na kuiusia nafsi yangu kumcha Allah.

Mara nyingi hapa Uvira tunaitwa kumuosha mtu aliyeanguka ghafla. Jana alikuwa sokoni, leo tunamvisha sanda. Kilio hakijaisha, minong'ono imeanza: "Ametiliwa sumu!" Jirani anatazamwa kwa jicho baya, ndugu wanahasimiana. Na Allah katika Suratul Hujurat ametuonya tujiepushe na kudhaniana vibaya. Je, umejiuliza sufuria yake ilikuwa na nini kwa miaka ishirini?

Waganga wa hospitali wanatufundisha kwamba mafuta hayalingani. Yako yanayoongeza kolesteroli mbaya katika damu. Hiyo hujibandika ndani ya mishipa ya moyo kidogo kidogo, njia ikawa nyembamba, hata siku moja damu ikaganda na kuziba.

Mawese yetu ni halali, na yale mekundu yana vitamini A. Lakini karibu nusu yake ni mafuta ya aina hiyo yenye kugandisha. Na ukiyachoma mpaka rangi ipotee, vitamini ile nayo inapotea. Mabaya zaidi ni mafuta yaliyogandishwa kiwandani, yanayotiwa katika baadhi ya siagi za kopo na biskuti. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliyataka mataifa yote yayaondoe katika chakula kabla ya mwisho wa 2023.

Basi tufanye nini? Sombe itiwe mawese kwa kipimo, yasielee juu. Mama zetu na dada zetu mnaokaanga mandazi na sambusa, msirudishe motoni mafuta yaliyokwisha kuwa meusi. Mnaoyauza mkijua yameharibika, kumbukeni kuwa kumdhuru mteja ni dhuluma. Allah ametupa ziwa: ndagala na mukeke wana mafuta yanayousaidia moyo. Chemsheni au chomeni, msizamishe kila siku katika mafuta. Mwenye uwezo achanganye na mafuta ya alizeti au soja. Na sigara tuiache kabisa, nayo inaharibu mishipa hiyo hiyo.

Ukisikia kifua kinabanwa, maumivu yanapanda shingoni au yanashuka mkononi, na jasho la baridi linakutoka, usingoje kutafuta mchawi. Kimbilia hospitali saa hiyo hiyo.

Mwili ni amana. Mtume (s.a.w.) alitufundisha tumbo tuligawe mafungu matatu: chakula, maji na pumzi. Siku ya Kiyama tutaulizwa juu ya amana hii, na juu ya jirani tuliyemsingizia.

Ewe Mola, tupe afya, uwarehemu maiti wetu, usafishe nyoyo zetu. Amin.