Jibu la Mshika Hazina

Watu wengi huulizwa maswali katika maisha yao, lakini ni wachache ambao majibu yao hupimwa kwa fedha za watu wengine. Mwalimu huulizwa na wanafunzi, na akikosea hasara ni ya darasa moja. Mganga huulizwa na mgonjwa, na akinyamaza msiba ni wa nyumba moja. Waziri wa Fedha anaposimama Bungeni kujibu maswali juu ya kodi na biashara, neno lake moja huingia katika bei ya sukari, katika mshahara wa tarishi, katika mizani ya mwenye duka, na katika hesabu za tajiri wa mbali ambaye hakupata kuiona nchi yenyewe. Nataka kuuliza katika insha hii kama mtu huyo aweza kuwa na haki ya kutosema kweli. Swali hili si jipya wala si jepesi. Anayelijibu kwa haraka, ama kwa ndiyo ama kwa siyo, aghalabu hajapata kukabidhiwa ufunguo wa mali ya watu.

Kwanza tutazame kwa nini jibu ni deni. Mwenye duka akichukua shilingi yangu hunipa chumvi papo hapo, na kama chumvi ni mbaya kesho nitakwenda duka jingine. Kodi haifanani na biashara hiyo. Huchukuliwa kwa nguvu ya sheria, kwa aliyeridhika na kwa asiyeridhika. Na badala yake huja baadaye, mahali pengine, pengine kwa mtu mwingine: barabara ambayo mlipaji hapiti, au dawa ambayo kwa bahati njema haihitaji. Kati ya kutoa na kupata pana nafasi kubwa, na nafasi hiyo haina daraja ila neno. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Jibu la waziri ndilo daftari linaposomwa kwa sauti. Kwa hiyo kujibu si hisani ambayo waziri humfanyia mbunge. Ni stakabadhi ya kodi, na stakabadhi ni haki ya kila aliyelipa. Ukiondoa jibu, kinachobaki katika kodi ni nguvu tu, na nguvu hata mnyang'anyi anayo.

Katiba ya Tanzania imeyaweka mambo haya mawili wazi. Ibara ya 138 hukataza kutoza kodi isiyotokana na sheria ya Bunge, na Ibara ya 63 hulipa Bunge uwezo wa kumwuliza waziri yeyote swali juu ya mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Haki ya kutoza na haki ya kuuliza ni ndugu wa tumbo moja. Ya kwanza ikikua peke yake, nyumba hupata dhalimu. Tulipata kuona jinsi zinavyofuatana. Mwezi Julai 2021 ilianza tozo ya miamala ya fedha kwa simu. Mama aliyempelekea mwanawe nauli ya shule aliiona tozo hiyo kwa macho yake katika ujumbe wa simu, akauliza. Jirani yake akauliza. Na mwezi Septemba mwaka ule ule ikapunguzwa kwa asilimia 30. Kodi inayoonekana huzaa swali, na swali halimwachi waziri alale.

Walakini iko kodi isiyo na jina wala kiwango kilichoandikwa, nayo ni kushusha thamani ya fedha ya nchi. Siku thamani inaposhushwa, kila kitu kitokacho ng'ambo hupanda bei, na kila kitu kiuzwacho ng'ambo huwa rahisi kwa mnunuzi mgeni. Mkulima wa mazao ya kuuza nje huenda akafaidika. Mwenye mshahara na mwenye akiba hupungukiwa usiku mmoja, bila afisa wa ushuru kubisha hodi. Ni kodi na ni siasa ya biashara kwa pamoja. Tena ina tabia moja ngumu: haiwezi kutangazwa mapema. Wenye fedha nyingi wakiisikia leo kuwa itakuja kesho, watazihamisha usiku huu, na hasara itawaangukia wasio na pa kuhamishia. Hapa ndipo dhamiri ya mshika hazina hujaribiwa. Akiulizwa, afanye nini?

Uingereza ilipata mitihani miwili ya namna hii, na mawaziri wawili waliijibu kwa njia mbili. Wa kwanza ni Stafford Cripps. Alikuwa mtu wa dini, mkali wa nafsi, ambaye hata wapinzani wake walimsifu kwa unyofu. Mwaka 1949 alikanusha mara kadhaa kwamba pauni itashushwa. Tarehe 18 Septemba mwaka huo pauni ilishushwa kutoka dola 4.03 hadi dola 2.80. Wa pili ni James Callaghan. Serikali yake iliingia madarakani Oktoba 1964 ikakuta nchi inanunua nje kuliko inavyouza. Badala ya kugusa pauni, iliweka ushuru wa ziada wa asilimia 15 juu ya bidhaa nyingi zilizoingia, ila vyakula na malighafi. Nchi zilizokuwa na mapatano ya biashara nayo zikakasirika kwa kuwa hazikutakwa shauri. Kwa miaka mitatu serikali ilisema kwa sauti kubwa kwamba pauni haitashushwa.

Alhamisi tarehe 16 Novemba 1967, mbunge mmoja wa chama chake mwenyewe, Robert Sheldon, alimwuliza Callaghan juu ya habari za mkopo mkubwa uliosemwa kuwa unatafutwa ng'ambo. Wakati huo uamuzi wa kushusha pauni ulikuwa umekwisha kupitishwa, naye aliyesimama kujibu alikuwa anaujua. Angeweza kukana, na soko lingetulia. Hakukana, wala hakukiri. Alikataa kuzisemea habari hizo. Waliosikia walielewa. Siku ya pili pauni zilikimbizwa kama watu wakimbiavyo nyumba iliyoshika moto, na Uingereza ikatoa sehemu kubwa ya akiba yake kuitegemeza bei ambayo viongozi walikwisha kuiacha mioyoni mwao. Jumamosi tarehe 18 pauni ilishushwa kutoka dola 2.80 hadi dola 2.40. Kabla mwezi haujaisha Callaghan alikuwa ameondoka katika wizara ya fedha.

Mtu wa hesabu atasema upesi kwamba Cripps alitenda vema na Callaghan alitenda vibaya, maana kanusho la yule liliilinda hazina, na kimya cha huyu kiliifungua. Hesabu hiyo ina kasoro, kwa kuwa haiulizi nani alilisadiki kanusho. Mlanguzi wa fedha hasadiki maneno; husoma takwimu, akaamua. Anayesadiki ni mtu wa kawaida aliyeweka akiba yake kwa kuamini kiapo cha mkubwa. Uongo wa hazina huwaponyoka wajanja ukawanasa waaminifu. Na katika waaminifu wa mwaka 1949 tulikuwamo sisi wa Afrika Mashariki. Shilingi yetu ya siku zile ilikuwa imefungwa kwenye pauni, shilingi 20 kwa pauni moja, nayo ikateremka pamoja na pauni. Mwenye duka wa Mombasa na mkulima wa pamba wa Usukuma walikatwa thamani ya fedha zao kwa uamuzi wa London, katika Bunge ambalo halikuwa na hata mtu mmoja wa kuuliza kwa niaba yao. Mwaka 1967 mambo yalikuwa mengine. Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa zimekwisha kuwa na shilingi zao tangu mwaka 1966, na pauni ilipoteremka hazikuifuata. Uhuru una maana nyingi. Moja katika hizo ni kuwa na waziri wako mwenyewe wa kumwuliza.

Basi Callaghan alitenda vema? Nadhani alitenda vema siku ile, na vibaya siku zilizotangulia. Kimya chake kiligharimu sana kwa sababu moja: kwa miaka mitatu hapakuwa na kimya. Mtu anayekana kwa kelele kila siku, siku asiyokana amekiri. Kama tangu mwanzo serikali ingesema, "Juu ya thamani ya pauni hatutasema ndiyo wala siyo, leo wala siku yoyote," kimya cha tarehe 16 Novemba kingefanana na kimya cha siku nyingine zote, na mlanguzi asingepata cha kusoma. Hasara ile haikuwa bei ya kusema kweli. Ilikuwa riba ya makanusho ya zamani, nayo ililipwa siku mkanushaji alipochoka kukana. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Kutokana na mkasa huo mimi hutenga kimya na uongo kwa mpaka ambao siku hizi hufutwa mara kwa mara. Amana huweza kumlazimisha mtu kufunga mlango. Haimruhusu kuchora mlango wa uongo ukutani ili watu wajigonge. Anayesema, "Jambo hili siwezi kulisema sasa," amemwachia mwulizaji akili yake. Mwulizaji aweza kushuku, kungoja na kujihadhari. Anayedanganya ameichukua hata hiyo akili. Tena kimya halali kina masharti. Sharti kikiri kuwa ni kimya. Sharti kiwe desturi ya kila siku, si ngao ya siku ya dhiki tu. Na sharti kiwe na mwisho: hatari ikipita, waziri arudi mahali pale pale, mbele ya watu wale wale, aseme alichokificha, kwa nini alikificha, na nani alipata hasara.

Sharti la mwisho ni zito kuliko mengine, na hapo ndipo iko namna ya tatu ya kujibu, mbaya kuliko uongo mtupu kwa kuwa huvaa joho la kweli. Siku moja baada ya pauni kushushwa, Waziri Mkuu Harold Wilson aliwahutubia wananchi, akawaambia kwamba pauni iliyo mfukoni mwao haikupungua thamani. Katika maana nyembamba alisema kweli: asubuhi ile mkate wa nyumbani uliuzwa kwa bei ya jana. Lakini mkate huokwa kwa ngano, na ngano nyingine hutoka ng'ambo. Watu walikumbuka maneno hayo miaka mingi, wakayasema kwa kicheko ambacho hakuna kiongozi angependa kuachiwa kama urithi.

Mimi kazi yangu ni lugha, na lugha yetu ina maficho yake. Waziri husema, "Suala hili linashughulikiwa." Kitenzi kimefanyiwa, mfanyaji hayumo. Linashughulikiwa na nani, mpaka lini, kwa fedha ipi? Husema, "Serikali itaangalia." Njeo ni ya wakati ujao, lakini wakati ujao hauna tarehe. Sentensi hizi hazina uongo hata chembe, wala hazina jibu hata chembe. Huwafundisha wanafunzi wangu kauli ya kutendwa kwa furaha, maana ni uzuri wa Kiswahili. Lakini huona haya ninapoisikia ikitumika kama mtungi wa kumzamisha mwenye jukumu. Maulizo juu ya fedha za watu sharti yajibiwe kwa kauli ya kutenda: nilikusanya, nilitumia, nilikosea, nitalipa.

Wala lawama si ya waziri peke yake. Wako wabunge wanaouliza ili waonekane wameuliza. Swali la msingi huandikwa, swali la nyongeza hutupwa, jibu huja, na mwulizaji amekwisha kukaa, akili yake iko jimboni katika sifa atakazopata. Swali lisilotaka jibu hufuga jibu lisilojibu. Nasi tulio nje tunaomsifu waziri kwa ulimi mwepesi, tukimcheka yule anayesema, "Sijui, nitaleta takwimu kesho," tunanunua uongo kwa makofi yetu. Kuuliza si ujinga, wala kukiri kutojua si aibu. Aibu ni kujua ukajifanya hujui, au kutojua ukajifanya unajua, huku mkono umo katika mfuko wa mwenzio.

Nakumbuka bibi mmoja muuza vitumbua aliyekuwa akikaa karibu na lango la shule yangu nilipokuwa mtoto. Kila jioni alihesabu fedha mbele ya mjukuu wake, ingawa mjukuu hakujua kuhesabu zaidi ya kumi. Siku moja nilimwuliza kwa nini anajisumbua. Akanijibu: "Mwanangu, fedha hizi ni zetu sote. Yeye hajui kuhesabu, lakini anajua kutazama." Sijapata kusikia fundisho la hazina lililo fupi kuliko hilo. Wananchi wengi hawajui hesabu za bajeti, na waziri anaweza kuwashinda kwa tarakimu mchana na usiku. Lakini wanajua kutazama. Wanatazama uso wa mtu anapoulizwa, wanakumbuka alichosema mwaka jana, na mwaka huu wanakipima kwa bei ya unga. Waziri anayelijua hilo atanyamaza palipo lazima kunyamaza, na atasema kweli kila anapofungua kinywa. Asiyelijua atajaza hazina kwa muda, huku akiimaliza akiba moja ambayo hakuna kodi iwezayo kuirudisha, nayo ni kusadikiwa.